Kabla Hujaweka Sahihi Yako Kwenye Rehani

Mara nyingi karatasi hizo hufika nyumbani jioni. Baba watoto ametoka kazini, amekwisha kunywa chai, anachomoa bahasha ya kaki na kusema, "Mama watoto, hebu weka sahihi hapa, na hapa, na hapa. Kesho asubuhi nazirudisha benki." Sufuria iko motoni, mtoto mdogo analia, yule mkubwa anataka kusaidiwa hesabu za shule. Maandishi yenyewe ni ya Kiingereza, tena madogo madogo, na yamejaza kurasa nane. Mama anapangusa mikono kwenye kanga, anaweka sahihi palipotiwa alama ya penseli, kisha anarudi jikoni kwake.

Mpenzi msomaji, ukiiondoa ile sahihi uliyoweka siku ya ndoa, huenda hii ndiyo sahihi nzito kuliko zote utakazoweka maishani. Kwa hiyo umeiambia benki kwamba, deni lisipolipwa, paa lililo juu ya vichwa vya watoto wako linaweza kuuzwa kwa mnada. Huenda ni uamuzi mzuri. Zipo familia nyingi zilizoinuka kwa mkopo. Lakini uamuzi wa namna hiyo haufanywi kwa kusimama, na vitunguu vikiungua.

Toleo hili tumeona tuzungumze kwa kirefu kidogo juu ya nyumba: mkopo wake, hati yake, na kodi zake, kama mambo yalivyo hapa Tanzania.

Nyumba zetu na mabenki

Wazee wetu wanaikumbuka Benki ya Nyumba Tanzania, ile iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili wafanyakazi na wananchi wa kawaida wapate mikopo ya kujengea. Ilipofika mwaka 1995 benki hiyo ilikuwa imeanguka, na moja ya sababu ni kwamba wengi waliokopa hawakulipa. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mtu aliyetaka nyumba hakuwa na mlango wa kubisha. Alijenga kidogo kidogo kama tunavyofahamu: mwaka huu kiwanja, mwaka ujao tofali, mwaka wa tatu msingi, kisha lenta, kisha kupaua, halafu familia inahamia kabla ya dari na sakafu, na vyumba vingine vinamaliziwa watoto wakiwa shule ya sekondari.

Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria maalumu ya mikopo ya nyumba, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kumilikisha sehemu za majengo, ambayo inamwezesha mtu kuwa na hati ya nyumba moja ndani ya jengo la ghorofa. Mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni inayoyakopesha mabenki fedha za muda mrefu ili nayo yaweze kuwakopesha wananchi kwa miaka kumi na tano, ishirini au zaidi. Mabenki yanayotoa mikopo hiyo, ambayo zamani yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, sasa yamepita ishirini. Hata hivyo, mikopo yote ya nyumba nchini ikijumlishwa haifikii hata asilimia moja ya pato la taifa. Walio wengi bado wanajenga kwa tofali moja moja.

Ndiyo sababu kwetu sisi rehani ina sura yake. Katika nchi nyingine mtu hukopa ili apate nyumba. Hapa kwetu, mara nyingi nyumba imekwisha kujengwa kwa jasho la miaka kumi, ndipo inapopelekwa benki iwe dhamana ya mkopo wa biashara: duka la vipuri, lori la mizigo, mtaji wa kununulia mpunga. Lori likipinduka, nyumba nayo imepinduka. Mama ambaye hajawahi kupanda lori hilo wala kuona daftari la mauzo yake anajikuta anatafuta chumba cha kupanga.

Piga hesabu kabla ya kupiga vigelegele

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme familia inakopa Sh 40,000,000 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, deni linalohesabiwa kwa salio, na muda wa kulipa ni miaka 15. Kila mwezi watatakiwa kulipa kama Sh 615,600. Zidisha kwa miezi 180 uone: ni karibu Sh 110,800,000. Yaani nyumba ya milioni arobaini imelipiwa kwa fedha za nyumba mbili na robo tatu.

Halafu tazama linalowashangaza wengi. Katika ile Sh 615,600 ya mwezi wa kwanza, riba peke yake inachukua Sh 566,667. Kilichopunguza deni lenyewe ni kama Sh 49,000 tu! Ndiyo maana mtu anaweza kulipa kwa uaminifu miaka mitatu mfululizo, akaenda benki kuuliza salio, akatoka akidhani ameibiwa. Hakuibiwa. Katika mikopo ya namna hii riba huliwa mwanzoni, na deni lenyewe huanza kupungua kwa kasi miaka ya mwishoni.

Sasa familia hiyohiyo ingechagua miaka 10 badala ya 15, malipo ya kila mwezi yangekuwa kama Sh 695,200. Ni nyongeza ya shilingi elfu themanini hivi kwa mwezi. Lakini jumla yote ingekuwa karibu Sh 83,400,000, na wangeokoa zaidi ya milioni 25. Milioni 25 ni nyumba ndogo ya wapangaji, au ada ya watoto mpaka wamalize. Sisemi kwamba kila mtu achukue muda mfupi. Mwenye kipato cha kuyumbayumba anaweza kujinyonga kwa kamba hiyo. Nasema tu mkae mezani wawili, na kalamu na karatasi, na kumwomba afisa wa mikopo awachapishie jedwali la malipo ya mwezi kwa mwezi kwa muda wa miaka 10 na wa miaka 15. Jedwali hilo ni haki yenu na benki inalo kwenye kompyuta.

Muulizeni pia: riba hii ni ya kudumu au inaweza kupanda? Tukipata fedha tukataka kumaliza deni mapema, kuna faini? Gharama za mthamini, mwanasheria, bima na usajili wa rehani ni kiasi gani, na zinalipwa lini? Gharama hizi hutolewa kabla mkopo haujaingia mkononi, na zimewakwamisha wengi waliokuwa wamekwisha kulipa fundi malipo ya awali.

Kwa mtumishi wa umma upo utaratibu kwamba makato yote yasimwachie chini ya theluthi moja ya mshahara. Ni kinga nzuri, lakini theluthi hiyo haijui kuwa una watoto wanne na mama mkwe mgonjwa. Mwenye kujua kama familia itaishi kwa kilichobaki ni yule anayekwenda sokoni, si mhasibu wala afisa wa benki. Kama ni wewe, basi neno lako lisikike kabla mkopo haujaombwa.

Sheria inasemaje juu ya idhini ya mke

Hapa ndipo akina mama wengi hawajui nguvu waliyo nayo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema kwamba mume au mke hawezi kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha wala kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 114, ikaongeza nguvu: rehani ya nyumba ya ndoa ni halali pale tu ambapo mwenzi anayeishi katika nyumba hiyo ameweka sahihi, au upo ushahidi kwamba ameridhia. Wala haijalishi kama ndoa ilifungwa kanisani, msikitini, bomani au kwa mila.

Je, nyumba ya ndoa ni ipi? Ni ile ambamo mume na mke wanaishi pamoja kwa kawaida. Neno hili lina maana kubwa. Kile kiwanja chenu mlichonunua nje ya mji na bado kina majani, au ile nyumba ya wapangaji upande wa pili wa barabara, si nyumba ya ndoa kwa maana hiyo. Usidhani kwamba kila mali ya familia inalindwa na kifungu cha 59. Mama mmoja anaweza kuwa na ulinzi kamili juu ya nyumba anayolala, na huku mali nyingine zote zimewekwa rehani bila yeye kuulizwa.

Tena kuna mwanya. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2008 yanamtaka mkopaji aeleze kwa kiapo kama ana mume au mke, na benki inatakiwa ichukue hatua zinazofaa kuhakikisha jambo hilo. Sasa wapo wanaume, na tuseme ukweli wapo na wanawake, wanaoapa mbele ya wakili kwamba hawajaoa wala kuolewa, hali nyumbani wameacha familia nzima. Wengine hupeleka benki mwanamke mwingine kabisa akaweka sahihi kama mke. Benki ikionyesha mahakamani kwamba ilifanya uchunguzi wa kutosha na ikadanganywa, mke halisi anaweza kushindwa kesi na akabaki na haki ya kumdai mumewe tu, ambaye pengine hana tena hata baiskeli.

Dawa ya mwanya huo ipo katika sheria ileile ya 1971, lakini ni wachache wanaoitumia. Mke ambaye jina lake halimo kwenye hati anaruhusiwa kuweka zuio katika ofisi ya Msajili wa Hati, wanasheria wengi huliita kaviati, kuonyesha kwamba ana maslahi katika nyumba ile. Zuio likiwapo, benki ikienda kufanya upekuzi italiona, na rehani haitasajiliwa kimyakimya. Wapo wanawake walioshindwa kesi zao kwa sababu hiyo moja tu: nyumba ilikuwa ya ndoa, hilo halikubishaniwa, lakini hawakuwa wameweka zuio, na benki haikuwa na namna ya kujua.

Najua wasomaji wengine watasema, "Dada, ukienda kuweka zuio kwenye nyumba ya mume wako, ndoa yenyewe si itakuwa imekwisha?" Ni swali la haki. Palipo na maelewano, njia iliyo bora kuliko zuio ni majina yote mawili kuwamo kwenye hati, jambo ambalo tutaliona hivi punde. Zuio ni la pale ambapo umekwisha kuona dalili: hati haionekani mahali pake, wageni wasiojulikana wanakuja kupima vyumba na kupiga picha, barua za benki zinapelekwa ofisini badala ya nyumbani. Mthamini hawezi kuthamini nyumba bila kuiona. Akija mtu na futi na kamera, mkaribishe kiti, mpe maji, na umuulize kwa upole ametumwa na nani.

Jina la nani liko kwenye hati?

Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Sisi wananchi tunapewa haki ya kuitumia kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99, na hati ndiyo ushahidi wa haki hiyo. Sheria ya Ardhi inatamka wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi sawasawa na mwanamume. Hahitaji ruhusa ya kaka wala ya baba mkwe.

Sheria hiyohiyo katika kifungu cha 161 inasema kwamba mwenzi mmoja akipata ardhi kwa ajili ya matumizi ya wote wawili, itachukuliwa kwamba wanaimiliki pamoja, isipokuwa kama hati imeeleza kwamba ni ya mmoja. Na ikiwa ardhi ina jina la mmoja lakini mwenzake amechangia kwa kazi yake kuizalisha, kuitunza au kuiendeleza, naye anapata haki ndani yake.

Hayo ni maneno mazuri ya sheria. Lakini kuthibitisha mchango mahakamani ni safari ndefu, na majina mawili kwenye karatasi ni safari fupi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, ilikubali kwamba kazi za mama wa nyumbani, kupika, kulea na kutunza nyumba, ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Ilikuwa hukumu kubwa, na mawakili wanaitaja mpaka leo. Lakini wengi wanaoishangilia hawajui kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu katika nyumba iliyogombewa, kwa kuwa mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe afanyie biashara alizitumia ovyo. Mlango aliufungua yeye, wakapita wengine.

Wale mliojenga katika maeneo ambayo hayajapimwa, nanyi msijione mko nje ya habari hii. Karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na serikali ya mtaa ndiyo mwanzo. Angalia jina lililoandikwa pale. Katika Dar es Salaam tangu mwaka 2004 watu wengi walipewa leseni za makazi, ambazo ni za miaka michache na huhitaji kuhuishwa, na zipo taasisi za fedha zinazozipokea kama dhamana. Kwa hiyo hata nyumba isiyo na hati inaweza kupotea kwa deni. Kazi ya urasimishaji inapopita mtaani kwenu, na maofisa wakauliza jina la mwenye kiwanja, huo ndio wakati wa kutaja majina mawili. Baada ya hati kutoka, kuongeza jina kunahitaji maombi, ada na kusubiri. Wakati wa upimaji kunahitaji mama kuwapo nyumbani siku hiyo tu na kutoka nje kuzungumza.

Malipo yakikwama

Likitokea la kutokea, biashara ikaanguka au kazi ikaisha, kosa kubwa ni kujificha. Wengi huzima simu. Barua za benki zinarundikwa juu ya kabati bila kufunguliwa, na mama haambiwi mpaka siku vipaza sauti vya dalali vinapopita mtaani.

Sheria haimruhusu mkopeshaji kukurupuka. Kwanza anatakiwa kumpa mkopaji taarifa ya maandishi kwamba ameshindwa kulipa, na zipite siku 60 tangu alipoipokea kabla haki ya kuuza haijaanza kutumika. Kisha sheria ya madalali inataka mnada wa nyumba utangazwe kwa siku zisizopungua 14. Na nyumba inapouzwa, mkopeshaji ana wajibu wa kutafuta bei nzuri inayoweza kupatikana. Akiiuza kwa bei iliyo chini kwa robo au zaidi kuliko wastani wa nyumba zinazofanana nayo, mahakama inaweza kuchukulia kwamba hakutimiza wajibu huo, mpaka athibitishe vinginevyo.

Siku 60 ni nyingi kwa anayezitumia. Ndani yake mnaweza kwenda benki wote wawili kuomba muda wa malipo uongezwe ili kiasi cha mwezi kipungue. Mnaweza kuuza wenyewe kiwanja kingine, au hata nyumba yenyewe kwa makubaliano na benki, maana bei ya mwenye nyumba asiyeharakishwa haifanani na bei ya mnada. Jambo moja msilifanye: kukopa kwa wale wakopeshaji wa mitaani wanaodai riba ya mwezi kubwa kuliko riba ya benki ya mwaka mzima, ili kuziba pengo la benki. Mitaani wameipa mikopo hiyo jina la kausha damu, na jina hilo halikutolewa bure.

Ikiwa rehani iliwekwa bila wewe kujua, usingoje mnada ufike. Ukija mahakamani baada ya nyumba kuuzwa na mnunuzi kukabidhiwa, kazi inakuwa ngumu mara mbili. Nenda mapema kwa wakili, au kwa wasaidizi wa kisheria ambao sasa wanatambuliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wamewasaidia akina mama wengi wasio na fedha za wakili. Chukua cheti cha ndoa. Kama ndoa yenu ni ya kimila, chukua barua ya serikali ya mtaa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na mashahidi.

Kodi: mbili, si moja

Tuje kwenye kodi, ambazo huwachanganya wengi. Mwenye nyumba anadaiwa kodi za aina mbili. Kodi ya jengo ni ya nyumba. Kodi ya pango la ardhi ni ya kiwanja. Kulipa moja hakufuti nyingine.

Kodi ya jengo siku hizi unailipa pengine bila kujua. Tangu mwaka 2021 inakatwa kupitia mita za umeme za LUKU. Ilianza kwa Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa Sh 1,500, yaani Sh 18,000 kwa mwaka. Kwa majengo ya ghorofa mijini, kila sakafu ilipangiwa Sh 90,000 kwa mwaka. Ukikaa miezi mitatu bila kununua umeme, siku utakayonunua utakatwa ya miezi yote mitatu, nawe utabaki ukiitazama mita na kujiuliza uniti zimekwenda wapi.

Kodi hii ni ya mwenye nyumba, si ya mpangaji. Serikali ilitamka hivyo tangu mwanzo. Lakini anayenunua umeme ni mpangaji, naye ndiye anayekatwa. Kama umepanga, hifadhi risiti zako na mkubaliane na mwenye nyumba ziondolewe kwenye kodi ya pango. Kama wewe ndiye mwenye nyumba, usingoje mpangaji akukumbushe. Elfu moja na mia tano ya mama ntilie aliyepanga chumba kimoja ni mboga ya siku. Na nyumba moja ikiwa na mita mbili au tatu, isitozwe mara mbili au tatu. Pelekeni namba za mita zote kwa wahusika ili irekebishwe.

Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na kipato, na watu wenye ulemavu, wana msamaha kwa nyumba moja wanayoishi wenyewe. Msamaha huu haujiji wenyewe. Ni lazima uombwe. Kama mama yako au mama mkwe anaishi peke yake katika nyumba yake, msaidie kupeleka maombi akiwa na kitambulisho cha taifa na barua ya serikali ya mtaa.

Pango la ardhi hulipwa kila mwaka Wizara ya Ardhi kulingana na ukubwa wa kiwanja, mahali kilipo na matumizi yake. Hili halikatwi kwenye umeme, ndiyo maana linasahaulika. Linalimbikiza adhabu, na anayelipuuza kwa miaka anaweza kufikishwa mbele ya baraza la ardhi na hata kunyang'anywa hati. Ni aibu kuzungushia kiwanja ukuta wa mamilioni, kisha kukipoteza kwa pango la elfu kadhaa kwa mwaka. Tena benki yoyote mtakayoiendea itadai risiti ya pango kabla ya kupokea hati.

Mkopaji akifariki

Hili hatupendi kulizungumza, na kwa sababu hatulizungumzi limewaumiza wajane wengi.

Mabenki mengi hudai mkopaji wa mkopo wa nyumba akatiwe bima ya maisha, na gharama yake iko ndani ya zile mlizolipa mwanzoni au mnazolipa kila mwezi. Mkopaji akifariki, bima ndiyo inayolipa deni lililobaki, na nyumba inabaki kwa familia. Lakini bima hailipi kwa kusikia msiba redioni. Lazima madai yapelekwe, na bima nyingi zina muda maalumu wa kupokea taarifa. Mjane asiyejua kwamba bima ipo anaweza kuendelea kulipa kwa mkopo mwingine, au akaiachia nyumba iende, kumbe deni lilikwisha kulipiwa siku aliyofiwa.

Kwa hiyo muulize mwenzako leo: mkopo huu una bima? Ya kampuni gani? Inamhusu nani, yeye peke yake au sote wawili? Kama mishahara yote miwili ndiyo inayolipa deni, bima ya mmoja haitoshi. Omba nakala ya bima, ya mkataba wa mkopo, ya hati, na ya risiti za pango, uziweke katika bahasha moja mahali ambapo na mtoto wenu mkubwa anapajua. Hati yenyewe itakuwa benki mpaka deni liishe. Likiisha, msiridhike na barua ya pongezi: rehani iliyosajiliwa haijifuti yenyewe. Dai hati yenu irudishwe pamoja na karatasi za kufuta rehani, kisha mzipeleke kwa Msajili wa Hati ziandikwe.